Kuta Zimevunjwa, Mlango wa Bosi Umebaki

Ofisini kwetu kuta zimevunjwa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya ushirikiano: uhasibu, mauzo na masijala tukae ukumbi mmoja, mawazo yapate kukutana. Yamekutana kweli. Sasa najua marejesho ya mkopo wa jirani yangu ni lini, mwanawe kafeli somo gani, na chapati za saa nne kazileta nani. Hesabu za mwezi ndizo sizijui.

Ugomvi mkubwa ni wa kiyoyozi. Anayekaa chini yake huvaa koti kama yuko Njombe. Aliye dirishani anajipepea kwa faili. Rimoti imefichwa, na aliyeificha hajulikani.

Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walichapisha utafiti wao: makao makuu ya kampuni mbili yalipobomolewa kuta, mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, barua pepe zikaongezeka. Sisi tungewaambia bure. Mwenzangu aliye hatua mbili kutoka nilipo hunitumia ujumbe wa WhatsApp, maana akifungua mdomo ukumbi mzima utachangia. Kila mtu kajiziba masikio kwa hedifoni. Ukuta umehama tu, kutoka sakafuni hadi kichwani.

Bosi peke yake ndiye aliyekosa neema hii. Maskini, bado ana chumba, mlango na ufunguo. Kama ukumbi wazi ni dawa, basi mganga naye aionje.