Malazi ya Bei Nafuu Ukingoni mwa Tana

Jangwa halisutwi kwa kukosa samaki, wala mwamba haulaumiwi kwa kutoota mpunga, kwa sababu hakuna awezaye kutoa asichojaliwa na Mola. Lakini nyumba ya wageni iliyojengwa jirani na mto mrefu kuliko yote ya Kenya, katikati ya mabonde ya mpunga na migomba, chini ya miembe iliyoelemewa na matunda, inapofaulu kumlaza mgeni wake na kiu, ikamwamsha na njaa, na baina ya hayo mawili ikamnyima usingizi, huwa imetenda jambo ambalo bila ya juhudi haliwezekani, na juhudi ya kiasi hicho si haki kuipitia kimya.

Nyumba ninayoisimulia iko Idsowe, karibu na Garsen, katika kaunti ya Tana River, na jina lake nalisitiri kwa kuwa mwenyewe ni mtu mwenye kauli njema, na kauli njema ndicho kitu pekee ambacho nyumba yake haikupata kuishiwa. Hakuna aendaye kulala pale kwa matamanio. Mgeni wa Idsowe ni msafiri wa Lamu aliyechwelewa: ametoka Mombasa au Malindi kwa basi, basi likapasuka gurudumu mahali pasipo hata mti wa kivuli, na alipofika Garsen jua limekwisha kuchwa, ilhali tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 magari ya Lamu yamezoea kusindikizwa na askari wenye silaha, wala hayaendi kila saa mtu atakayo. Wazee waliovuka mto huu zamani kwa pantoni iliyovutwa kwa kamba na mikono ya watu wanajua kwamba kukwama hapa ni mila kongwe. Na gharika ya El Niño ya miaka ya 1997 na 1998 ilipokata barabara, walikwama hata wenye magari makubwa na vyeo vikubwa. Kwa hiyo mwenye nyumba hana haja ya kumshawishi mtu: mto, askari na gurudumu vinamfanyia kazi ya udalali bila ya ujira.

Hata hivyo ubao wa mlangoni ulikuwa na ahadi nne zilizoandikwa kwa rangi nyekundu: vyumba safi, maji saa 24, chakula saa zote, na usalama. Ahadi ya nne niliikuta ni kweli tupu, kwani hakuna mwizi mwenye akili timamu ambaye angejitaabisha kuingia mle akitaraji kutoka na kitu. Kijana wa mapokezi alifungua daftari kubwa, akaniuliza jina, nambari ya kitambulisho, nitokako na niendako, kwa taadhima ya kadhi anayefungisha ndoa, kisha akasema, "Pesa mbele, ami," nami nikatoa shilingi 300, bei ya kitanda kimoja katika chumba cha watu wanne.

Nikaomba maji ya kuoga. Bomba lilipofunguliwa lilikohoa, likatoa upepo, kisha buibui. Nilimkumbusha kijana ahadi ya ubaoni, naye akanijibu bila ya kutahayari kwamba saa 24 zilikuwa hazijesha, maana yake, kama nilivyokuja kufahamu, ni kuwa maji hutoka mara moja katika muda huo na mwenye bahati huyakuta. Haidhuru, palikuwa na punda, na punda huyo, kwa shilingi 20, aliniletea dumu la maji ya Tana yenyewe. Nikayamimina ndooni, nikayangoja yatue. Mto huu hupata maji yake katika miteremko ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua, na kila mwaka huteremsha udongo wa huko hata baharini. Kwa hiyo, baada ya kitambo, chini ya ndoo yangu palikuwa na kipande kizuri cha ardhi ya Nyeri, chenye rutuba, ambacho watu wa kule wangeweza kukipigania mahakamani kwa miaka ishirini, nami nimekipata bila ya hati. Nikaoga kwa maji ya juu, na ile ardhi nikairudisha mtoni bila ya madai.

Ukumbi wa chakula ulikuwa na orodha iliyopakwa ukutani, ndefu na yenye kutia matumaini, na kwa muda mdogo nilisahau masaibu yote niliyoyapata njiani.

"Pilau ipo?" niliuliza.

"Imekwisha, ami."

"Na biriani?"

"Biriani ni ya Ijumaa."

"Leo si Ijumaa?"

"Ni Ijumaa, lakini ni usiku."

Hoja hiyo haikuwa na rufaa, nikashuka katika orodha hata nikafika kwenye samaki, na hapo kijana akachangamka, akasema samaki yuko. Moyo wangu ulitulia, kwani mtu asiyejua samaki wa Tana, kambare na ngege waliovuliwa katika maziwa ya bondeni, hajui kwa nini wavuvi kutoka mbali huhamia kuishi huku. Nikangoja. Kijana akarudi na sahani ya wali, na juu ya wali akaweka mkebe, na mkebe akaufungua mbele yangu kwa ncha ya kisu, ndani yake wakiwamo dagaa wa bahari nisiyoijua, waliolowa kwa mchuzi mwekundu, vichwa vyao vikiwa vimekatwa huko walikotoka ili, nadhani, wasije wakaona aibu ya kuletwa ukingoni mwa mto wenye samaki hai. Wali nao ulikuwa wa Pakistani. Wapokomo wamelima mpunga katika mafuriko ya mto huu kwa vizazi visivyohesabika. Serikali nayo, kwa mkono wa mamlaka ya TARDA iliyoundwa mwaka 1974, ilianzisha mashamba makubwa ya mpunga humuhumu deltani, hata El Niño ile ile ikayaharibu. Na baada ya jasho lote hilo mimi nilikula punje zilizovuka Bahari ya Hindi, nazo zilikuwa bado zimechoka kwa safari.

Ulikuwa msimu wa maembe, na nje yalisikika yakianguka moja moja juu ya bati. Nililetewa bilauri ya kinywaji cha manjano kilichong'aa hata katika mwanga hafifu wa taa.

"Haya ni maji ya embe?" nilimuuliza.

"Ni ya rangi ya embe, ami," akajibu, na kwa jibu hilo nilimheshimu, kwa kuwa katika nyumba ile nzima yeye peke yake alikuwa hasemi uongo.

Basi nikaenda kulala. Vitanda vilikuwa vya ghorofa, nami nikapewa cha chini, na chandarua ambacho tundu lake kubwa lilikuwa limekazwa fundo kwa mfuko wa plastiki, mfuko ambao Serikali iliupiga marufuku tangu mwaka 2017, na ambao pale, bila shaka, ulikuwa ukitumikia kifungo chake. Matundu madogo hayakuwa na mlinzi. Panka ilining'inia darini, lakini stima ilikuwa imepotea tangu magharibi. Juu yangu alilala dereva mmoja wa lori, mtafuna muguka, aliyekuwa na mambo mengi ya kumweleza mtu mmoja kwa simu, na kila alipotia mkazo katika neno alijigeuza, chaga zikalia, na vumbi la mbao likanishukia machoni. Nikajua habari za mkewe, za mkwewe na za gia yake ya tatu, na hiyo gia, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa na haki katika ugomvi ule. Nje waliitikia vyura. Mwaka 2012 delta ya Tana, hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima chini ya Mkataba wa Ramsar, na vyura wake, kwa namna walivyopaza sauti, wana habari kamili ya cheo hicho.

Jambo lililonihuzunisha zaidi ni hili: lahani ya wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa na kamati ya watu watano kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1963, ilichukuliwa katika wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Taifa zima, basi, husimama wima kwa ajili ya wimbo uliokusudiwa kulaza. Nami, katika nchi yenyewe ulikotoka wimbo huo, nililala chali macho yamekodoka hata alfajiri.

Asubuhi nikaagiza chai ya maziwa. Kijana akatoka kwenda dukani, asiweze kuvuka barabara, kwa sababu kundi la ng'ombe wa Waorma lilikuwa likipita kwenda mtoni, ng'ombe weupe, wanene, wasio na haraka, viwele vikiyumba. Akasimama akawangoja wote wapite, kisha akavuka, akaniletea maziwa ya unga. Ibn Battuta, alipopita pwani hii mwaka 1331 akielekea Mombasa na Kilwa, alisimulia jinsi alivyokirimiwa Mogadishu: alipewa nyumba ya kukaa, akaletewa mara tatu kwa siku wali uliopikwa kwa samli, na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari na maembe. Hakuna katika sinia hiyo kitu ambacho Idsowe haina ndani ya mwendo wa kutupa jiwe. Karibu karne saba baadaye, kilichopungua ni mtu wa kuvitia chunguni.

Au hivyo ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipotoka na mkoba wangu kungoja basi. Chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka ubao wa ahadi nne, alikuwapo mama mmoja na karai lake la mafuta, akikaanga kambare, na kando yake sufuria ya ndizi za nazi na beseni la maembe.

"Samaki ni wa wapi, mama?"

"Wa papa hapa, mwanangu. Jana usiku alikuwa bado anaogelea."

Kwa shilingi 100 nilikula mpaka nikasahau jina langu. Nilipoinua kichwa kutafuta maji ya kunawa, nikamwona mwisho wa benchi mwenye nyumba yangu wa usiku, kanzu ameikunja magotini, akikifyonza kichwa cha kambare kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Hakushtuka hata kidogo. Alinikaribisha, akaniuliza habari za kulala, nami nikamuuliza kwa nini samaki huyu hapiti mlangoni pake.

"Ah, Bwana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa, "mgeni ni mtu wa heshima. Nitampaje samaki wa matope na ndizi, vyakula vyetu sisi watu wa mtoni? Akirudi kwao atasema nini? Wageni nawanunulia vitu vya dukani."

Hapo hasira yangu ilikosa pa kukaa. Mtu huyu hakuwa bahili wala mvivu; alikuwa amegharimika kwa ajili yangu, akatuma watu madukani, akanunua mikebe, unga na punje za ng'ambo, yote kwa ajili ya kunistahi, na vitu vizuri akavibakiza kwa ajili yake mwenyewe, akiviona duni kwa kuwa ni vya kwao. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini nyumba ile haikuvunjwa na urahisi. Ilivunjwa na haya ya mwenyeji kwa neema yake. Na kwa kuwa ugonjwa huo nimeukuta baadaye katika miji mingine ya njiani, inayopakana na bahari ikauza soda, inayopakana na mashamba ikauza biskuti, nimejiwekea kanuni ambayo naitoa sadaka kwa kila msafiri mwenye mfuko mwepesi: ukishuka basini usiulize chakula kizuri kiko wapi, wala usisome ubao, uliza mwenye hoteli mwenyewe hula wapi, ukamfuate huko, ukae naye benchi moja, na ikiwezekana umwache alipe yeye.