Bibi wa Nyumba ya Saba

"Bado kuni," Bibi alinijibu kabla sijakaa. Ilikuwa mara ya pili ndani ya siku nne nakwenda kwake Butiama kumuuliza anapikia nini.

Kosa lilikuwa langu, ingawa kwa muda niliisingizia kompyuta. Utafiti wetu ulikuwa na wilaya tatu: Musoma, Bunda na Butiama. Kila wilaya mabalozi wanne, kila balozi na nyumba zake kumi. Jumla nyumba 120, nami nilihitaji 20. Nikaiagiza programu ichague wilaya kwa kubahatisha, kisha balozi, kisha nyumba, irudie mara 20. Kwamba isiniletee nyumba ileile mara mbili, hilo sikulitaja. Nilidhani katika nyumba 120 zitagongana vipi? Hesabu niliipiga baadaye, nikiwa juu ya bodaboda kutoka Makutano: uwezekano wa walau nyumba moja kujirudia unapita asilimia 80. Zisingegongana ndiyo ingekuwa ajabu.

Dawa yake ni rahisi hadi inatia aibu. Unazipanga nyumba zote mstari mmoja, sifuri hadi 119, unachota namba 20 kwa mkupuo mmoja kama mtu anayegawa karata, halafu kila namba unaifumua. Mojawapo ikatoka 87. Gawa kwa 40: mbili, baki saba. Saba gawa kwa kumi: sifuri, baki saba. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo mbili ni wilaya ya tatu, Butiama, na sifuri ni balozi wa kwanza. Nikajipongeza kwa soda baridi pale stendi ya Bunda, nikapanda gari. Wilaya nilikumbuka kuongeza moja. Balozi pia.

Mbuzi ndiye aliyenizindua. Alikuwa amelala katikati ya njia, akanitazama, akaona ni mimi, hakujisumbua kuinuka. Saba ya kompyuta ni nyumba ya nane, ile ya jirani, ng'ambo ya ua wa minyaa. Nikaanza kurudi kinyumenyume.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo jibu limebadilika, mjukuu wangu. Kuni zimekwisha." Akasubiri niandike, kisha akanikabidhi panga na kamba.