Wekeni Bei

Nyie mnaopita pale Terminal Three, uwanja wa ndege wa Dar, mkauona mlango wa kioo, pembeni dada kasimama na tabasamu lake, ndani makochi mapana na watu wametulia, msitamani. Nawaambia kama jirani yenu. Mle ndani pana mateso. Wanapaita launji. Ya nani, sitaji. Ndege ya shirika gani, sitaji pia, nisije nikaitwa kujieleza.

Mimi nilikuwa naenda Guangzhou. Si kutalii. Tajiri wangu wa Kariakoo mzigo wake wa vioo vya simu ulikuwa unamnyima usingizi, akasema nenda kahesabu boksi kwa macho yako. Tiketi ekonomi. Tena ile ekonomi ya kuunganisha, unashuka nchi za watu, unangoja, unapanda tena. Sikusema kitu. Nina begi langu, koti la kuazima kwa shemeji, na chapati nne mama watoto kazifunga kwenye foili. Niko kamili.

Nafika kaunta. Dada anagonga kompyuta. Ananitazama. Anagonga tena. Nikajua viza. Akasema, "Kaka, ekonomi imejaa." Nikajua nimekwisha, tajiri ataniua. Kumbe haya mashirika ndiyo yalivyo, yanauza tiketi kuzidi viti, maana kila safari kuna watu hawatokei, na kiti kikiruka kitupu hela yake haipatikani tena. Siku wakitokea wote, kimbembe. Siku yangu walitokea wote. "Kwa hiyo tunakupandisha bizinesi klasi." Nikamwambia dada yangu, sina hela ya kuongeza. Akasema huongezi kitu. Nikamwambia kiti kikubwa cha nini, mimi mwenyewe si mkubwa. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Akanisukumia bodingi pasi na kikaratasi kingine juu yake. "Na hii ni kadi yako ya launji."

Kadi! Mtu wa Dar ukimpa kadi lazima ashtuke. Kwetu kadi ya harusi haiji hivi hivi. Kwanza unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa. Halafu unaahidi. Halafu unakumbushwa ahadi, mbele za watu, na jina lako limeandikwa kwa herufi kubwa. Unalipa. Ndipo kadi inakuja, unaifungua, single, na mkeo anauliza yeye aende wapi. Sasa huyu ananipa kadi sijachangia hata jero. Nikaigeuza nyuma. Hakuna namba ya kutuma hela. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mlangoni dada mwingine kaiskani, taa ikawaka kijani. "Karibu bosi." Nikamwambia bosi kabaki Kariakoo, mimi nimetumwa. Akacheka kicheko cha kazini. Mbele yangu zulia, nene, jeupe kabisa. Mimi nimelelewa, penye zulia viatu vinabaki mlangoni. Nikavua. Soksi ya kulia dole gumba liko nje linapunga upepo. Akaja mbio. "Kaka, unaweza kuvaa tu." Sasa muda mfupi tu nyuma, kwenye ukaguzi, nimevuliwa viatu na mkanda mpaka nashikilia suruali kwa mkono. Huku navua kwa hiari yangu naambiwa vaa. Hawa watu wakae waamue.

Nikakaa. Nikangoja menyu. Nangoja. Watu wanapita na sahani zimejaa, mimi haji mtu. Nikasema sawa, wameshanijua. Wameona soksi. Njaa inauma. Nikafungua begi taratibu, nikainua gazeti la Kiingereza mbele ya uso, nyuma ya gazeti namega chapati. Foili nayo ina kelele hujapata kuona. Kila nikimega, krrr. Ukumbi mzima kimya, krrr tu. Gazeti likashushwa kwa upole. Ni yule dada. Hakusema neno. Kaweka sahani ya udongo mbele yangu, kitambaa, uma na kisu. Kwa chapati. Nikala chapati kwa uma, ananitazama, na mimi namtazama.

Kando yangu alikaa mzee mmoja, kaunda suti ya kijivu, miwani kwenye kamba. Akaniinamia. "Kijana, kule mezani unajichotea mwenyewe." Nikamuuliza bei. "Hakuna bei." Nikamuuliza ukishachota sana je. "Hakuna bei." Nikamuuliza mlangoni wakati wa kutoka hawapigi hesabu? Akavua miwani akaifuta.

Basi nikainuka. Sambusa zipo, ndogo ndogo za kuumwa mara moja. Nikachukua mbili, nikarudisha moja, nikaona natazamwa, nikaichukua tena. Mbele nikakuta zambarau. Bakuli zima! Nyeusi, zinang'aa. Nikasema hapa sasa nimefika kwetu. Zambarau nimekulia, mti wake nimeuangukia mpaka mkono ukavunjika, hakuna wa kunifundisha zambarau. Nikajaza sahani. Nikatia mdomoni kadhaa kwa mpigo.

Chumvi!

Nani kaloweka zambarau kwenye chumvi? Na mafuta juu! Kutema siwezi, meza ya pili kuna mama wa Kihindi kakaa na binti zake wananiangalia. Nikameza. Na kokwa zake. Mzee ndiyo anasema, "Hizo ni zeituni." Eti zikiwa mbichi ni chungu hazilikii, ndiyo maana zinalowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi. Sasa tangu nazaliwa nasikia mizeituni kwenye mahubiri, msikitini kwa jirani wanaitaja, kanisani wanaitaja, kwa sauti tamu ile. Mimi nikajua ni tunda la asali. Kumbe watu walikuwa wananificha.

Na hiyo si kitu. Kuna jibini imeota ukungu. Sisemi kidogo. Michirizi ya kijani na bluu imeingia mpaka katikati. Mimi ni mtu wa watu, siwezi kukaa nikatazama wenzangu wanaharisha angani. Nikamfuata mhudumu, nikamnong'oneza: dada, kile kitoeni haraka kabla wakubwa hawajakiona. Akasema ndivyo kilivyo. Nikarudi kwa mzee. Mzee akasema kweli, ukungu huo wanautia makusudi, tena ile yenye jina kubwa kabisa, Roquefort ya Ufaransa, ni ya maziwa ya kondoo na inaivishiwa pangoni. Jamani. Kwangu mkate ukiota ukungu tunakwangua gizani, tunakula bila kutazamana, watoto tumewakataza kusema nje. Wenzetu wanautia makusudi na bei wanapandisha. Sisi umaskini wetu hatujui kuutangaza.

Mashine ya kahawa ndiyo usiseme. Ina picha za vikombe, vyote sawa. Nikabonyeza cha kwanza. Ikanguruma kwa kishindo cha kukoboa mahindi ya kijiji, ikatoa tone. Kikombe hakikufika nusu. Nikajua imekwama. Nikabonyeza tena. Tone. Tena. Tone. Nyuma watu wamepanga foleni wanapumua. Nikabonyeza mpaka kikombe kikajaa ndipo nikaondoka nacho kwa heshima. Kikali hicho! Nikanywa chote, siwezi kumwaga kitu cha bure. Mikono ikaanza kutetemeka yenyewe. Nikawa nasikia nywele zinaota.

Mzee akaniona nimechangamka, akadhani nataka maongezi. Akanipa historia. Eti haya mambo ya launji yalianzia New York, uwanja wa LaGuardia, mwaka 1939. Shirika la American Airlines, mkuu wake anaitwa C.R. Smith, akafungua chumba akakiita Admirals Club. Mwanzoni ulikuwa huingii kwa kulipa, unaingia kwa mwaliko. Nikaruka. Mwaliko! Si nilisema? Nikamuuliza huyo Smith alichangisha shilingi ngapi. Mzee akajifanya hakusikia.

Akaendelea. Na bizinesi klasi yenyewe, zamani haikuwepo. Ilikuwa daraja la kwanza na ekonomi, basi. Miaka ya 1970 mashirika yakaanza kuuza tiketi za bei chee kwa watalii. Sasa mfanyabiashara kalipa bei kamili, anabanwa kiti cha katikati, jirani yake kalipa kiduchu na anakula chakula kile kile. Wakanung'unika. Wakanung'unika mpaka mwishoni mwa miaka hiyo mashirika makubwa, Pan Am wamo, British Airways wamo, yakawatengea sehemu yao.

Hapo niliumia. Kwa hiyo kitu hiki kimezaliwa na manung'uniko! Mimi nanung'unika kwenye daladala za Mbagala tangu nina nywele mbele. Nimenung'unika mvua, nimenung'unika jua, nimenung'unika mguu mmoja uko mlangoni. Hakuna aliyenitengea hata stuli.

Kisha mzee akaniua kabisa. Akasema usidhani ni bure. Shirika likiwa halina launji yake uwanjani, linamlipa mwenye launji kwa kila kichwa kinachoingia. Kwa kila kichwa! Nikashika changu. Maana yake hapa nilipo kuna mtu analipia kichwa hiki. Shilingi ngapi? Mzee hajui. Nikatazama sahani: sambusa mbili, kokwa sina, nimezimeza. Kichwa kimeshafidia? Nikila kidogo, napunjwa. Nikila sana, watakuja kusema huyu mtu ni wa ekonomi na amepitiliza. Bila bei utajuaje umefika wapi? Kwa mama ntilie najua, buku mbili ni wali maharage, ukiongeza samaki unaongeza hela, ukimaliza umemaliza. Huku nakula nina wasiwasi, naacha nina wasiwasi.

Mama watoto, nilishamtumia meseji ya kadi na sambusa, akapiga. Video. Sauti iko juu, sijui kuipunguza. "Baba, tuonyeshe sambusa!" watoto hao. Ukumbi mzima umegeuka. Mama watoto akaangalia makochi, akaangalia taa, akaangalia lile bafu la watu kuoga, maana na bafu lipo, taulo zimekunjwa, mtu anatoka kwao na jasho lake anakuja kuoga uwanja wa ndege. Akauliza kwa upole ule ninaoujua: "Na hiyo kadi ni ya watu wangapi?" Nikamwambia single. "Nilijua," akakata.

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikaenda mezani. Sambusa kwenye tishu, tishu mfukoni. Si kwa ajili yangu, za njiani, na kile kichwa kifidie. Mfuko wa kushoto. Wa kulia. Mafuta yakaanza kupita. Koti la shemeji lina rangi ya maziwa. Ramani ikatokea ubavuni, inakua, nikaweka mkono juu nikawa nakaa nimejishika kiuno. Yule dada akapita. "Kaka, unaumwa tumbo?" Nikasema kidogo. Akaniletea chai ya tangawizi. Nikainywa. Ya bure tena.

Ndege nayo haitangazwi. Eti pale ni pa utulivu, kila mtu anaangalia ubao wake. Ubao uko nyuma yangu. Mzee kaondoka zamani, kaniaga nikadhani anaenda kunawa. Mimi nangoja kuitwa, si wameniita bosi? Mara naona dada anapita katikati ya makochi anataja jina langu, lote, mpaka la babu, watu wanatazamana. Mdomo umejaa mkate. Nikainua mkono. "Kaka, geti linafungwa!" Nikakimbia. Koti linapepea, sambusa zinadondoka moja moja kwenye sakafu inayong'aa. Nyuma mtoto anaziokota anamwonyesha mama yake. Ndani ya ndege watu wamefunga mikanda, wananitazama kwa chuki wanayotazamwa nayo mawaziri.

Kiti? Kinalala chote kitanda. Shuka, mto, soksi mpya. Nikajinyoosha macho kodo. Ile kahawa. Wenzangu wanakoroma kwa raha za kulipia, mimi nahesabu taa. Ikaja menyu, hatimaye, siku nzima naitafuta, ya karatasi ngumu, kamba kochi, mwanakondoo, vitu vyote vya dunia. Nimeshiba mpaka kooni. Nikaisoma kutoka juu mpaka chini, nikageuza nyuma. Bei hamna. Nikasema niletewe maji. Dada akauliza yenye gesi au yasiyo na gesi. Nikauliza yapi ndiyo ya bei nafuu. Akaenda kumwita mwenzake.

Kwa hiyo naomba, mwenye ndugu huko juu anifikishie. Wekeni bei. Sambusa jero, kahawa buku, mtu akitaka kuoga buku mbili na taulo arudishe. Zeituni mimi hata mnilipe. Mtu atoe hela yake, ahesabu chenji, akae ale akijua mwisho wake uko wapi. Na bei ikizidi tutalalamika wenyewe, hilo hatuhitaji kadi.