Picha ya Uwanja kwa Euro 63

Kwa Baba Mdogo, Mama Mdogo na wote mtakaosomewa barua hii hapo barazani Tanga,

Mimi ni mzima, hofu ni kwenu. Mfukoni nako hofu ipo, lakini hiyo nimeshaizoea.

Baba Mdogo, picha ya uwanja wa Bayern uliyoiagiza ninayo. Ila kabla sijaituma nataka ujue imepatikanaje, maana uliniambia, "Si uko hukohuko Ujerumani? Pita tu siku moja." Kutoka Hamburg ninakoishi hadi Munich ni karibu kilomita 800. Treni ya kasi inafika kwa muda wa saa 6 hivi, na nauli yake ukiinunua siku ya safari huvuka euro 100 bila haya. Euro moja ni karibu shilingi 3,000. Piga hesabu mwenyewe, lakini usimwonyeshe Mama Mdogo, atazidisha kwa mbili za kwenda na kurudi kisha aulize hizo pesa kwa nini hazikutumwa nyumbani.

Sisi wa mifuko myepesi tuna tikiti yetu. Kiangazi cha mwaka 2022 serikali ilitoa tikiti ya euro 9 kwa mwezi, nchi nzima, na watu wakajaa kwenye treni hadi mlangoni. Mei 2023 ikaja ya kudumu, euro 49. Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikafika 63. Kwa bei hiyo unapanda mabasi, tramu, treni za chini ya ardhi na treni za mikoa kutoka bahari ya kaskazini hadi milima ya kusini, mwezi mzima. Treni ya kasi ndiyo haramu. Ukikutwa humo na tikiti yetu unahesabiwa huna tikiti, na faini inaanzia euro 60.

Basi njia yangu ilikuwa hii: Hamburg hadi Uelzen, Uelzen hadi Göttingen, Göttingen hadi Erfurt, Erfurt hadi Würzburg, Würzburg hadi Nuremberg, Nuremberg hadi Munich. Toka alfajiri hadi usiku. Treni inasimama kijiji kwa kijiji, hata pale ambapo abiria ni babu mmoja na baiskeli yake. Na ni hukohuko njiani ndipo ilipoingia video yako, Baba Mdogo, ukiwa ndani ya treni ya SGR kuelekea Dodoma, umeielekeza simu kwenye skrini inayosoma kilomita 160 kwa saa. Chini umeandika, "Ninyi wa Ulaya mnatuonaje?" Tunawaona mnapita.

Wakati huo nilikuwa Uelzen, nimeachwa na treni ya pili kwa sababu ya kwanza ilichelewa. Kuachwa Uelzen si adhabu kubwa: stesheni yake ilipambwa upya kwa mawazo ya msanii Hundertwasser, kwa ajili ya maonyesho ya Expo 2000, ina nguzo za vigae vya rangi na tufe za dhahabu juu ya paa. Unatazama bure. Tena kuna fidia. Ukicheleweshwa dakika 60 na kuendelea, mwenye tikiti yetu anadai euro 1.50. Ila kiasi kilicho chini ya euro 4 hakilipwi, kwa hiyo unatakiwa ucheleweshwe mara tatu ndipo uwe na dai la maana. Siku hizi treni ikichelewa dakika 40 naiombea dua ichelewe zaidi. Ikifika na dakika 55 nahisi nimeibiwa.

Halafu kuna suala la msalani. Vyoo vya stesheni kubwa ni euro 1. Cha ndani ya treni ni bure. Mwenye akili hashuki kabla ya kujisaidia, hata kama haja yenyewe haijaja.

Chakula nilibeba: chapati, mayai ya kuchemsha, na kachumbari ndani ya kopo la jamu. Na hapa niwasifu watu wa Bavaria, jimbo la Munich, kutoka moyoni. Zamani watengeneza bia wa Munich waliwauzia watu bia kwenye bustani zilizo juu ya maghala yao, wenye migahawa wakalalamika kwamba wateja wamewakimbia. Mwaka 1812 Mfalme Maximilian Joseph akaamua: bia wauze, lakini chakula wasiuze isipokuwa mkate. Watu wakaanza kuja na vikapu vyao. Leo bustani hizo zinauza chakula, lakini haki ya kuja na chako imebaki, na imo katika kanuni za jimbo. Unachotakiwa kununua ni kinywaji tu, na ukae kwenye meza isiyo na kitambaa. Yenye kitambaa ni ya wanaohudumiwa.

Nikaenda Hirschgarten, bustani inayokalisha watu kama 8,000. Nikanunua maji ya tofaa yenye gesi, nikakunjua chapati zangu mbele ya umati kwa ulinzi wa mfalme. Jirani yangu wa meza, mzee mwenye suruali ya ngozi, alikuwa amekuja na kitambaa chake cha meza, figili, jibini na kisu chake. Akaitazama kachumbari. Nikamkaribisha. Hakujua kwamba ina pilipili ya kwetu, nami sikuona haja ya kumharibia ugunduzi. Akanywa bia yake yote, akaenda kuongeza nyingine. Wenye bustani wanapaswa kunishukuru.

Malazi nilipata kwa kijana wa Mombasa anayesoma huko. Tulilala tukibishana biryani ya nani ndiyo biryani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alinipa gunia la chupa tupu. Huku kila chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo la soda lina dhamana ya senti 25 unayorudishiwa dukani, kama kreti ya soda kwa Mangi mwenye duka, ila anayehesabu ni mashine na haikopeshi. Akaniambia kitakachopatikana ni changu. Ndicho kilichonunua maji ya tofaa. Kwenye foleni ya mashine mbele yangu alisimama bibi wa umri wa nyanya yetu, na gunia kubwa kuliko langu, na yeye hakuwa mgeni wa mtu. Mkisikia kwamba Ulaya hakuna maskini, niulizeni mimi.

Uwanja wenyewe uko mwisho wa jiji. Treni ya chini ya ardhi namba U6 inakushusha Fröttmaning, tikiti ileile. Unakalisha watu 75,000. Kuingia kuutembelea ni pesa, kuutazama kwa nje ni bure, na jioni unawaka wote kwa rangi nyekundu. Ndiyo picha yako. Jezi halisi, Baba Mdogo, ni karibu euro 100. Soma tena aya ya tikiti.

Mama Mdogo aliomba picha ya Paris. Tikiti yetu haifiki huko, lakini inavuka mpaka hadi Salzburg, na hiyo ni Austria, nchi nyingine kabisa, ina ngome juu ya mlima na mto katikati. Aniambie kabla ya tarehe 10, maana ikipita tarehe hiyo sijaisimamisha, wananikata euro 63 za mwezi unaofuata. Akiridhika na Salzburg, majirani wakiuliza waambiwe ni Ulaya.

Ni mimi mwanenu,
Hamburg