Jinsi ya Kuishinda Programu ya Bure

Profesa, hongera kwa kupata ufadhili. Dawa ya kujaribu ipo, vituo vitatu vya afya vimekubali, magari yameagizwa na kibali cha kamati ya maadili kimeshagongwa muhuri. Limebaki jambo dogo tu: data za wagonjwa zitakaa wapi? Usitishike. Mwongozo huu utakuvusha bila kununua programu yoyote na, lililo gumu zaidi, bila kuitumia hata ile ya bure.

Kwanza, kataa kwa hoja. Atakuja kijana kikaoni akutajie ODK, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 2008: fomu inajazwa kwenye simu ya Android hata porini pasipo na mtandao, kisha inatumwa ukifika mjini. Mwambie simu zinaibiwa. Atakutajia LibreClinica, iliyochipuka kwenye OpenClinica baada ya kampuni yake kugeukia toleo la kulipia. Muulize: kama ni nzuri hivyo, mbona hawaiuzi? Akitaja REDCap, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, hapo una haki kidogo. Taasisi zisizo za faida huipata bila malipo, lakini kwa mkataba. Si programu huria, na huna ruhusa ya kumgawia jirani. Ng'ang'ania hapo hapo. Zihukumu zote tatu kwa kosa la moja.

Ukizidiwa, kubali, ila usiajiri mtu. Njia hii haijawahi kumwangusha mtafiti yeyote mwenye nia. Programu ya bure ni mbuzi wa kupewa: hukutoa bei, lakini kila siku anataka majani na mchungaji. Seva inataka kusasishwa, nakala za akiba zinataka kujaribiwa kama kweli zinafunguka, fomu zinataka kurekebishwa itifaki ikibadilika. Wewe andika kwenye bajeti "Programu: 0", halafu iache hiyo sifuri itambae taratibu hadi kwenye mstari wa mishahara. Kazi mpe kijana wa IT, yule anayezibua printa. Semina ya siku tatu yenye posho itamtosha.

Sasa viwango, na hapa nakuomba uvute kiti. Tangu mwaka 1997 kuna watu wanaitwa CDISC, wanaopanga namna moja ya kuandika data za majaribio ya dawa: jedwali la washiriki liitwe DM, la madhara AE, la vipimo vya maabara LB, na kila safu jina lake. Nyaraka zao zinapakuliwa bure. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imevitaka rasmi viwango hivyo kwa tafiti zilizoanza baada ya tarehe 17 Desemba 2016. Watakuambia pia kwamba jaribio la chanjo ya malaria RTS,S, lililoanza 2009, lilikuwa na watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwamo, na kwamba mtoto wa Korogwe na wa Kilifi hawahesabiki pamoja kama hawakuandikwa kwa namna moja. Wajibu kuwa wewe una vituo vitatu tu.

Kisha kipe kila kituo uhuru wake. Kwenye jinsia, kimoja kiandike Me na Ke, kingine 1 na 2, cha tatu M na F. Katika hicho cha tatu atapatikana karani mmoja mwenye bidii aliyeandika M kwa mwanamume, na M kwa mwanamke.

Tarehe ziache bila ulinzi: 03/04/2024 iwe Machi au Aprili kulingana na kompyuta iliyoifungua. Mama akisema alizaliwa mwaka wa El Niño, usikubali kuandika 1998 peke yake, ingawa kiwango chenyewe kinaruhusu mwaka mtupu bila mwezi wala siku. Weka 1 Januari. Usijali wakionekana washiriki wengi wamezaliwa sikukuu ya mwaka mpya.

Lakini hazina kuu ni saa. Muuguzi mmoja aandike dozi imemezwa 08:00, kwa saa ya simu yake. Wa maabara, Mswahili halisi, aandike damu imetolewa 4:00, maana ilikuwa saa nne asubuhi. Kompyuta haina shangazi Tanga wa kuifundisha; itasoma saa kumi alfajiri. Dawa yako itakuwa imeonekana kwenye damu saa nne kabla haijamezwa. Hakuna kiwanda duniani kilichowahi kufika hapo.

Yote haya yahifadhi kwenye Excel, kwenye flashi, kwa jina "DATA_MWISHO_KABISA_2_sahihi". Ukiambiwa ni hatari, sema hata wakubwa wanatumia. Ni kweli: Oktoba 2020 Uingereza iligundua kuwa karibu wagonjwa 16,000 wa corona hawakuingia kwenye hesabu, kwa sababu walipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa kale lisilopokea zaidi ya mistari 65,536.

Masahihisho nayo ni sanaa. Kwenye karatasi, sheria inataka ukate kosa kwa mstari mmoja, lisomeke bado, uweke saini na tarehe. Tumia tipeksi. Kwenye kompyuta, mifumo niliyoitaja huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, umbea usio na faida. Wape watu wote nywila moja, "utafiti123", ili mkaguzi akiuliza nani alibadilisha uzito wa mshiriki kutoka kilo 62 kuwa 26, jibu liwe "sisi sote".

Nakala za akiba: Mungu yupo.

Utafiti ukiisha na takwimu zikagoma kujumlishwa, omba fedha mpya za "kusafisha data". Safari hii usiandike sifuri. Weka mshauri kutoka nje, tiketi ya ndege, hoteli ya ufukweni na malipo kwa siku. Atakaa mezani kwako, afungue kompyuta, na ndani yake utaiona R, lugha ya takwimu waliyoianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, bure, na pembeni yake admiral, kifurushi cha R ambacho kampuni za dawa za Roche na GSK zilianza kukijenga pamoja, nacho bure. Kijana wako wa IT atakohoa. Mtume akalete chai.