Freshi

Katika maneno ya Kiingereza yaliyohamia Songea, sijaona lililotanga na njia kama hili freshi, ambalo kwa vijana wa stendi na wa bodaboda ni jawabu la salamu, ni ridhaa ya bei, ni pole kwa aliyefungwa mpirani, na wakikosana huwa suluhu pia, ilhali kitoweo kibichi, ambacho ndicho asili yake, kimebaki kama mrithi aliyedhulumiwa. Mji wenyewe una mazoea ya mambo haya, maana hata Wangoni walifika toka kusini karne ya 19 na lugha yao, wakaishia kusema ya waliowakuta.

Baba yangu mkubwa, shaibu aliyejifunza Kiingereza Peramiho kwa mapadri Wabenediktino, nao Wajerumani, hayajui mageuzi hayo. Alikwenda sokoni kutafuta mbasa wa Ziwa Nyasa, ambao tangu njia ya Mbinga hadi Mbamba Bay ipate lami hufika mapema, ila si wote wapandao gari la kwanza.

“Shikamoo, babu,” muuzaji akamwamkia kwa staha.

“Marahaba. Hali?” akauliza mzee, macho yote yakiwa juu ya mbasa mmoja mnene.

“Freshi kabisa!”

Basi hakufunua matamvua wala hakubonyeza mnofu, akalipa. Na mama mkubwa alipofungua gazeti jikoni, jicho la samaki lilikuwa limedidimia na kutanda ukungu, na paka aliyekuja mbio akasita mlangoni, akarudi zake.

Mzee akarejea na ushahidi wake mkononi.

“Kijana, uliniambia samaki huyu ni freshi.”

“Hapana, babu. Uliniuliza hali, nikakwambia mimi niko freshi. Huyo hukumuulizia, ungemuulizia ningekwambia ni wa juzi.”

Baba mkubwa, ambaye aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, akalipima jawabu lile huku na huku asilione ufa, naam, nadhani hata lilimpendeza kidogo.

“Basi nirudishie nusu.”

“Freshi,” akasema kijana, akaendelea kumpalia magamba mteja mwingine.

Mzee akangoja, kisha akauliza kwa upole, “Na hii freshi, ni yako, ya samaki, au ya fedha zangu?”

Watu wakacheka, kijana akatoa noti, na mzee akaitia mfukoni, akavuka upande wa pili kununua dagaa wakavu, ambao hakuna awezaye kuwasingizia neno hilo.