Mpishi wa Albuquerque

Jirani yangu hapa Uyole amejikunyata ndani ya blanketi, anaangalia Breaking Bad, tamthilia ya Marekani ya 2008 hadi 2013: mwalimu mpole wa kemia mjini Albuquerque, jioni huosha magari kutafuta cha ziada, anageuka mpishi wa dawa za kulevya.

“Mstaarabu vile! Shetani mkubwa,” anasonya, akimenya kiazi cha kuchemsha.

Uani vijana wake wanashindilia viazi. Gunia lilishavuka kilo 100 za sheria. Sasa linashonewa kilemba kwa kamba. Lumbesa hiyo, na mkulima atalipwa gunia moja.

“Wanangu, ongezeni kidogo,” anapaza sauti, macho hayabanduki kwenye runinga. “Halafu kimya basi, askari wanakaribia kumkamata!”